Jenereta Ikilala, Kampuni Zote Zinalala

Kazi yangu ni ukalimani wa mikutano. Watu hukutana kupitia mtandao, mmoja akiwa Nairobi, mwingine Bujumbura, mwingine Geneva, nami ninasikiliza Kiingereza sikioni na kukitoa kwa Kiswahili papo kwa papo. Tangu mwaka 2022 sehemu kubwa ya kazi hiyo ninaifanya nikiwa ndani ya gari, Toyota Hiace ambayo tuliiondolea viti vya nyuma tukaweka kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na betri mbili. Mume wangu hufunga na kukarabati pampu za visima zinazoendeshwa kwa nguvu ya jua, na kazi yake humpeleka Karamoja, Acholi, Bunyoro na Kigezi kwa wiki tatu au nne kila safari. Nyumba yetu iko Tororo, mashariki mwa Uganda, lakini tulipochoka kuishi mbalimbali tuliamua kwamba nyumba ndiyo itakayosafiri, na swali lililobaki likawa moja tu: je, mtandao utatufuata?

Wengi wanaotamani maisha ya namna hii huniuliza wanunue ruta gani, yaani kile kifaa kinachopokea mtandao na kuugawa kwa kompyuta. Ni swali la haki, na nitalijibu humu ndani, ila kwa uzoefu wangu ruta ni jambo la tatu au la nne. Jambo la kwanza ni kuelewa mtandao wako unakufa kwa sababu zipi, na kuhakikisha kwamba ule wa akiba haufi kwa sababu hizohizo. Ilinichukua karibu mwaka mzima na mkutano mmoja ulioniharibikia kulielewa hilo.

Kwanza niseme kazi yenyewe inadai nini, kwa maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Mhasibu mtandao ukimkatikia hunywa chai, kisha huendelea pale alipoachia. Mkalimani akikatika kwa sekunde nne, kuna watu arobaini ambao wamepoteza sentensi isiyorudi tena. Hata hivyo, kiasi cha mtandao ninachohitaji ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sauti peke yake haifiki kilobiti 100 kwa sekunde. Picha nzuri ya video kati ya watu wawili huhitaji takriban kilobiti 600, na picha safi zaidi hutosheka na megabiti moja na kitu. Laini yoyote ya 4G iliyo katika hali ya kawaida hutoa mara kumi ya hapo. Kwa hiyo anayejisifu kuwa amepima megabiti 50 jioni moja Kampala hajaniambia kitu ninachokihitaji. Ninachotaka kujua ni kama kasi hiyo inabaki ileile kwa saa mbili mfululizo, kama upande wa kupakia nao uko imara, maana sauti yangu hutoka kwa upande huo, na kama vipande vya data vinafika kwa mpangilio au vinapotea njiani. Kipimo cha kasi hukuonyesha nusu dakika tu. Mimi huiacha kompyuta ikipiga pingi, yaani ikituma vipande vidogo vya data na kusubiri vijibiwe, kwa dakika kumi au kumi na tano nikiandaa chai: zikirudi zote, kila moja kwa milisekunde 40 hadi 80, nafunga breki ya mkono na kutandika. Zikipotea tatu katika kila mia, au moja ikarudi kwa milisekunde 50 na inayofuata kwa 900, tunasogea, hata kama mahali penyewe pana mti mzuri wa kivuli.

Jambo linalofuata ni kuacha kuamini vile vistari vinne vya simu. Simu nyingi za Android huonyesha namba halisi kwenye mipangilio yake au kupitia programu kama CellMapper, na ukurasa wa ruta yoyote ya maana huzionyesha pia. Namba mbili zinatosha. Ya kwanza huandikwa RSRP, nayo husema mawimbi ya mnara yanakufikia kwa nguvu kiasi gani. Huwa hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo inavyokuwa bora. Karibu na −80 ni nzuri sana, −100 inafanyika kazi kwa uangalifu, na ukivuka −115 unaning'inia kwenye uzi. Kumbuka kwamba kila hatua ya 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo −90 na −100 si majirani kama zinavyoonekana machoni. Namba ya pili ni SINR, inayolinganisha sauti ya mnara wako na kelele za minara mingine. Ikivuka 20 ni bora kabisa, na ikikaribia sifuri ni kama kusikiliza mazungumzo ya mtu mmoja katikati ya soko.

Vilima vya Kigezi vilinifundisha namba ya kwanza. Ziwa Bunyonyi liko kwenye kimo cha karibu mita 1,960, na miteremko inayolizunguka imesimama kiasi kwamba ufukweni mtu huishi ndani ya bakuli. Tuliegesha karibu na maji, na ruta ikasoma −117. Asubuhi yake tulipanda na barabara ya Kabale, safari ya dakika chache tu, tukasimama mahali ambapo bonde lililo upande wa pili linaonekana lote, na namba ikawa −84 bila kubadilisha chochote ndani ya gari. Tangu siku hiyo sipangi tena safari kwa kutazama ramani ya barabara peke yake. Nazitazama pia mistari ya miinuko, nikijiuliza kati yangu na mji wa karibu kuna nini.

Namba ya pili niliifundishwa na Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na somo lake lilikuwa kinyume cha lile la kwanza. Tulikuwa tumeegesha ukingoni mwa genge, mahali ambapo mtu anaona tambarare za kaskazini hadi macho yanachoka, na niliamini kwamba mwinuko ule utanipa mtandao wa kifalme. Vistari vilijaa, RSRP ilikuwa −78, lakini sauti yangu ilikatikakatika katika jaribio la kwanza. SINR ilikuwa 1. Tulikuwa tumekaa juu mno: gari lilikuwa linaona makumi ya minara iliyotapakaa chini, yote ikizungumza katika masafa yaleyale, na ruta haikujua imsikilize nani. Mume wangu akarudisha gari nyuma kama mita 60, ukingo wa udongo ukatukinga upande wa tambarare, nami nikaielekeza antena kwenye mnara mmoja tu upande wa Kapchorwa. Nguvu ilishuka hadi −91, SINR ikapanda hadi 14, na nilikalimani kwa saa tatu siku ile bila kupoteza neno. Huo ndio ushauri ambao sikuwahi kuupata kwa mtu yeyote, nao ni wa bure: wakati mwingine unahitaji kilima cha kujificha nyuma yake.

Antena yenyewe si kitu cha anasa kwa anayekaa ndani ya gari, kwa sababu bodi la chuma ni sanduku linalozuia mawimbi. Ruta ndogo iliyowekwa juu ya meza huku milango imefungwa hupoteza sehemu kubwa ya kile ambacho ingekipata nje. Ninazo antena za aina mbili. Ile ya paani husikiliza pande zote, na hutumika tukiwa njiani au tukiwa mjini. Ile ya pili ni ya kuelekezwa, nayo hufungwa kwenye mlingoti wa mita tano unaoingia kwenye kishikio nilichochomelewa na fundi mmoja wa Katwe, Kampala, ambaye alinisikiliza kwa subira nilipokuwa nikimchorea chini kwa kijiti, kisha akaniuliza, "Mama, upepo wa huko unakokwenda ni wa namna gani?" Swali hilo pekee lilinihakikishia kwamba nimefika kwa mtu anayejua kazi yake. Kishikio chake kimezunguka Uganda yote na hakijalegea.

Waya ndio mlaji wa siri. Mita 10 za waya mwembamba wa aina ya RG58 katika masafa ya 4G hula zaidi ya nusu ya nguvu ambayo antena imeikusanya, na nimewaona watu wakinunua antena ya gharama kisha wakaifunga na waya wa aina hiyo kwa sababu ndio uliokuwa dukani. Waya mnene wa daraja la LMR-400 hupoteza sehemu ndogo tu ya hiyo. Bora zaidi ni kuufupisha: mimi huweka ruta ndani ya kisanduku kisichoingia maji karibu na antena, kisha kinachoshuka chini ni waya wa kawaida wa mtandao, ambao haupotezi chochote kwa umbali huo. Vifaa vya kukuza mawimbi, vile vinavyopokea na kurusha upya, nimeviepuka. Vinaweza kuuvuruga mnara wenyewe na majirani wanaoutegemea, na kifaa chochote cha kurusha mawimbi ya mawasiliano ni jambo la kuulizia Tume ya Mawasiliano ya Uganda kabla ya kukiwasha.

Kuna onyo ambalo mimi, kama mtu wa Tororo, siwezi kuliacha. Eneo letu limetajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa yale yanayopigwa na radi siku nyingi zaidi kwa mwaka duniani, na tumekua tukiheshimu wingu jeusi. Mlingoti wa chuma uliosimama peke yake uwandani unaita balaa. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ikiwa mbali, mlingoti unashuka, waya unachomolewa, na ninahamia kwenye antena ya paani. Nikiwa na mkutano siku ambayo mawingu yanajikusanya tangu asubuhi, sipandishi mlingoti kabisa.

Sasa nifike kwenye mkutano ulioniharibikia.

Ilikuwa Karamoja, upande wa kaskazini, msimu wa mvua. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuolewa: laini ya MTN kwenye ruta ya kwanza, laini ya Airtel kwenye ya pili, zote zina bando la kutosha, zote zikisoma vizuri kuliko −90. Nilijiambia kwamba kampuni mbili haziwezi kuanguka saa moja. Saa nne na dakika kumi asubuhi, katikati ya sentensi ya mzungumzaji kutoka Kigali, laini zote mbili zilikufa kwa pamoja kama taa iliyozimwa. Hakuna nilichoweza kufanya. Mwenzangu wa zamu, ambaye alikuwa Dar es Salaam, alibeba mkutano peke yake kwa saa mbili na nusu, kazi ambayo kwa kawaida wakalimani hupokezana kila nusu saa kwa sababu akili huchoka.

Mchana tuliuendea mnara, kiasi cha kilomita nne. Askari anayeulinda alikuwa amekaa chini ya mshita, akatukaribisha na kunisikiliza. Nilipomweleza kwamba nina kampuni mbili tofauti, alitikisa kichwa na kunielekeza juu kwa fimbo yake, palipokuwa na antena za kampuni zote mbili zimefungwa kwenye nguzo ileile. "Dada, hapa ni mnara mmoja. Jenereta ikilala, kampuni zote zinalala." Lori la dizeli lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto uliofurika, na mito ya Karamoja ikifurika hakuna wa kulaumiwa. Nilikuwa nimelipia laini mbili na kununua ruta mbili, na vyote vilikuwa vinakunywa kutoka tangi moja.

Baadaye nilisoma nikaelewa kwamba hilo si jambo la mnara ule tu. MTN Uganda ilihamishia minara yake kwenye kampuni ya ubia na American Tower mwaka 2012. Minara ya Airtel nayo ilinunuliwa na Eaton Towers, na mwisho wa mwaka 2019 American Tower ikainunua Eaton. Kugawana minara ni jambo la busara, maana mnara mmoja ni ghali kujenga na kuulisha, na ni kwa sababu ya kugawana huko ndipo vijiji vingi vilivyo mbali vina mtandao wowote. Lakini kwa mtu wa hesabu yangu maana yake ni kwamba rangi mbili za laini si lazima ziwe njia mbili. Mjini, ambako minara imesongamana, kampuni mbili huwa njia mbili kwa kawaida. Kijijini, mara nyingi ni njia moja yenye majina mawili.

Tangu hapo nina desturi mpya kila tunapofika mahali pa kulala. Nafunga laini ya kwanza kwenye antena ya kuelekezwa na kuuzungusha mlingoti polepole, hatua kwa hatua, nikiandika RSRP kwa kila upande wa dira. Kisha naweka laini ya pili na kurudia. Kama namba bora za laini zote mbili zinatoka upande uleule, naichukulia kuwa ni nguzo moja mpaka nithibitishe vinginevyo, na natafuta mnara wa pili hata kama ni dhaifu zaidi. Laini ya −103 inayotoka kaskazini ina thamani kubwa kwangu kuliko laini ya −82 inayotoka kusini ikiwa tayari ninayo nyingine ya kusini. Zoezi hilo huchukua nusu saa, na watoto wa kijijini hulipenda. Nimepata wasaidizi wengi wa kushika daftari. Mahali pasipo na mnara wa pili huwa nalala kwa raha zangu, lakini sifanyii mkutano hapo.

Hapa ndipo ruta inapoingia. Ruta nyingi zinazouzwa kwa sifa ya laini mbili zina matundu mawili ya laini na modemu moja, yaani sehemu moja tu inayozungumza na mnara. Ya kwanza ikifa, ruta huzima, hujiunga upya kwa laini ya pili, na wewe unangoja nusu dakika au zaidi. Kwa anayeandika barua hiyo si hasara. Kwangu ni kazi iliyopotea. Ninatumia ruta moja yenye uwezo wa kuchagua bendi, yaani masafa ya mawimbi, na simu iliyochomekwa kwenye kompyuta kwa waya, kila moja na laini yake, kisha programu iitwayo Speedify huziunganisha. Ina namna ya kutuma kila kipande cha data kupitia njia zote mbili kwa pamoja, na kinachofika kwanza ndicho kinachotumika. Hula bando mara mbili, kwa hiyo naiwasha dakika tano kabla ya mkutano na kuizima dakika tano baada yake. Kuchagua bendi nako kuna faida: masafa ya megahezi 800 hufika mbali na hupenya miti, hivyo nayapendelea porini, masafa ya 1800 na 2600 hubeba watu wengi zaidi lakini hayasafiri sana, nayo ni ya mjini.

Wingi wa watu ni jambo ambalo namba za mawimbi hazikuonyeshi. Mnara wa kijiji uliokuwa mtulivu Jumatatu hulemewa siku ya mnada wa ng'ombe, na karibu kila mahali kati ya saa mbili na saa nne usiku mtandao huzama kwa sababu kila mtu ametoka shambani na kushika simu. Alfajiri ni dhahabu. Mafaili makubwa huyapakia saa kumi na moja asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza.

Mipakani kuna adha ndogo ambayo dawa yake ni rahisi. Karibu na Busia au Mutukula au Katuna, simu hukamata mnara wa nchi jirani ikiuona una nguvu zaidi, kisha bando lako linakuwa halitumiki. Chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio badala ya kuuacha ujichague.

Umeme nitausema kwa kifupi kwa kuwa mume wangu ndiye mwenye elimu hiyo. Ruta hula wati 10 hivi, yaani wati-saa 240 kwa siku nzima ikiwa haizimwi. Kompyuta yangu kwa saa sita hula karibu 360. Betri zetu ni mbili za lithiamu, kila moja saa-ampea 100, zinazohifadhi takriban wati-saa 2,500 kwa pamoja. Betri za asidi za ukubwa huohuo zingetupa nusu tu bila kuharibika. Sola za wati 300 juu ya paa huleta kama wati-saa 1,000 siku ya jua, na siku za mawingu tunachaji kutoka kwenye injini tukiendesha. Alinilazimisha kuilisha ruta moja kwa moja kwa volti 12 badala ya kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwa maana inveta hula umeme hata ikiwa haina kazi, na alikuwa sahihi. Jua lina ubaya wake pia: gari lililofungwa saa saba mchana huwa tanuri, na ruta iliyopata joto hupunguza kasi kimyakimya. Kisanduku changu kina matundu na kimepakwa rangi nyeupe.

Kuhusu gharama, saa moja ya mkutano wenye video hula gigabaiti moja au zaidi, ilhali sauti peke yake haifiki megabaiti 100, kwa hiyo kamera yangu huwaka kwa salamu tu. Kwa laini ya akiba nanunua bando lisiloisha muda, lile la Freedom la MTN au la Chillax la Airtel, kwani laini ya akiba inaweza kukaa wiki tatu bila kuguswa na hutaki uikute tupu siku unayoihitaji. Tangu Julai 2021 bei ya bando ina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, uliochukua nafasi ya zile shilingi 200 za kila siku za kutumia mitandao ya kijamii zilizoanza mwaka 2018, nami huuingiza kwenye bei ninayomtoza mteja.

Mpaka hapo nimezungumzia mnara. Juu ya mnara kuna njia nyingine ambayo mtu wa garini haioni, nayo pia inaweza kuwa moja wakati wewe unadhani ni mbili. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya mtandao wetu hupita kwenye nyaya za kioo kwenda Mombasa, na kutoka huko huingia kwenye nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na Afrika Mashariki yote ikalegea. Mawimbi yangu siku ile yalikuwa mazuri ajabu, −80, mnara uko hai, jenereta inanguruma, na hakuna kilichopita. Mwenzangu wa Dar es Salaam alikuwa katika hali ileile au mbaya zaidi. Tulikuwa tumejigawa nchi mbili tukiamini tumejikinga, kumbe tulikuwa tumekaa ufukweni mwa bahari moja. Siku hizi, kwa mikutano mikubwa, ninaomba mmoja wetu awe nje kabisa ya ukanda huu.

Na kuna siku ambazo mtandao hauko kwa mtu yeyote. Intaneti ilizimwa nchini kote tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, ikarudi baada ya siku tano. Nilikuwa bado ninafanyia kazi nyumbani wakati huo, na niliipoteza kazi ya wiki nzima kwa sababu sikuwa nimeandika lolote kuhusu hali kama hiyo kwenye mkataba. Sasa mikataba yangu ina kifungu kinachosema nani atachukua nafasi yangu na ndani ya dakika ngapi, na vipindi vya uchaguzi sichukui kazi nikiwa nchini bila mwenzangu aliye nje.

Wengi watasema jibu ni setilaiti, nami siipingi kwa upande wa fizikia. Setilaiti za zamani hukaa kilomita karibu 36,000 juu, na sauti huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, jambo ambalo haliwezekani kwa ukalimani. Setilaiti za Starlink hukaa kilomita 500 hivi, na ucheleweshaji wake unalingana na wa 4G nzuri. Ilianza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, lakini mwaka huohuo Uganda ilikuwa haijaipa leseni, na mimi sikuwa tayari kuivusha sahani yake ya kupokea mawimbi kwenye mpaka wa Malaba na kuiweka juu ya paa la gari ambalo kila kituo cha ukaguzi wanalijua. Riziki yangu inategemea wateja wanaoamini kwamba ninafuata taratibu. Nilijiambia kwamba siku leseni itakapokuwa mkononi na duka likanipa risiti, nitakuwa kwenye foleni, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ambayo haipiti kwenye nguzo wala kwenye tangi la dizeli la kijiji.

Wiki ijayo tunakwenda Kaabong, visima vitano, siku kumi na mbili. Nina mikutano miwili humo ndani, wa Jumanne na wa Ijumaa. Tutafika Jumamosi ili niwe na Jumapili nzima ya kuzungusha mlingoti na kuandika namba. Nimeshamwambia mume wangu kwamba kama laini zote mbili zitasoma vizuri kutoka upande mmoja tu wa dira, ataniacha Kotido Jumatatu jioni, naye ameshatafuta ua wa kanisa ambao wataturuhusu kuegesha.